Gwahram, Aliyeulizwa Habari Kabla Yangu

Ndugu wafiwa, majirani zetu wa hapa Drammen, nanyi wanaharakati mliosafiri kutoka Stokholmu na London, mimi ni Doshambe, mdogo wake marehemu, na familia imeniteua nisome maisha yake kwa kuwa wote walionizidi ufasaha wamekufa au wako jela.

Marehemu Gwahram Shahdad alizaliwa tarehe 12 Machi 1949 huko Panjgur, Balochistan, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Shahdad, mkulima wa tende, na mkewe Bibi Ganji, akapewa jina la shujaa wa kale, nami nilipofuata miaka mitatu baadaye nikaitwa Doshambe, yaani Jumatatu, kwa sababu nilizaliwa Jumatatu na hakuna aliyejisumbua kufikiri zaidi.

Alisoma shule ya msingi Panjgur, akamaliza chuo Quetta mwaka 1970, akafundisha historia kwa miaka miwili, kisha akaingia katika harakati za kudai haki za Wabaloch, akakamatwa tarehe 9 Agosti 1973 na kufungwa miaka mitatu, na alipotoka alikuwa ametungiwa nyimbo nne. Mimi nami nilifungwa, miezi saba, sikutungiwa hata ubeti mmoja.

Mwaka 1978 alikimbilia Kabul, na tarehe 3 Mei 1981 akamwoa Banari, ambaye mimi ndiye niliyemwona kwanza, na Banari mwenyewe, aliyekaa pale mbele, ameniruhusu kuyasoma haya, akisema, "Soma tu shemeji, kila mtu anajua, ulikuwa umenikodolea macho mpaka chai ikakumwagikia." Walijaliwa watoto wawili, Sammi na Bebarg, na tarehe 20 Septemba 1986 familia ikapokelewa hapa Norwe, nami nikawafuata baada ya miaka miwili.

Hapa mimi niliendesha basi, yeye akaongoza harakati kutoka jikoni ghorofa ya tatu, na kila mgeni alipoingia mambo yalikwenda kama yaendavyo kwetu, kwamba hakuna anayegusa chakula kabla mkubwa wa waliopo hajaombwa habari, naye huitoa yote, ya safari, ya mvua, ya waliokufa, bila kupunguza neno. Aliyeombwa alikuwa Gwahram, kila mara, kwa miaka thelathini na mitatu, nami nilishika birika. Niliona wivu, sitafuti neno jingine.

Tarehe 17 Februari 1994 marehemu alikuwa Geneva akihutubia, simu ikalia, nikaipokea mimi, na alikuwa mama, akipiga kutoka Panjgur kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alinikabidhi habari nimfikishie kaka, akasema, "Mwambie Gwahram sina kinyongo kwa kutokuja kumzika baba yake. Mwambie asinitaje tena kwenye hotuba zake, eti mama analia kama nchi inavyolia, mimi si nchi, mimi ni mama yake, anipigie simu basi." Aliongea dakika nne, na katika zote hizo hakuniuliza hata kama nimekula. Nikakata simu nikiwa nimevimba kwa hasira, na Gwahram aliporudi nikanyamaza. Mama alifariki baada ya siku kumi na moja, bila kupigiwa. Kwetu mtu huweza kusamehewa damu, lakini aliyeficha habari aliyopewa aifikishe hasalimiwi, na mimi nimesalimiwa na ninyi nyote miaka ishirini na saba.

Mwezi Juni mwaka huu, 2021, marehemu aligundulika kuwa figo zake zimechoka, akalazwa tarehe 2 Oktoba, na jioni moja nilipoingia wodini na supu alijiinua, akafunga kilemba vizuri, akaniambia, "Haya dogo, nipe habari." Hakuwahi kuniomba kabla. Nikaitoa ile ya mama, yote. Akauliza, "Dakika nne?" Nikasema nne. Akasema, "Mimi nimeshikana mikono na mabalozi wa dunia nzima, ningewatoa wote nikae kwenye ile simu badala yako. Nakuonea wivu, Doshambe. Toka."

Siku mbili alinikataza kuingia, siku ya tatu akaniita, akaniagiza nirudie jinsi mama alivyolitamka jina lake, nami nikarudia, akasema, "Hapana, yeye alivuta mwishoni," nikarudia tena, hata akalala. Alifariki tarehe 9 Novemba, saa nne asubuhi. Hakusema kama amenisamehe, na msije mkasema mmesikia kwamba alinisamehe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa ghorofa zote waliovumilia mikutano yetu, madereva wenzangu walioshika zamu zangu, na wanaharakati wote mliofika.

Leo mlangoni wazee mlinizunguka, mkaniambia, "Haya Doshambe, mkubwa sasa ni wewe, tupe habari," jambo nililolitamani maisha yangu yote, nikageuka haraka kumtazama Gwahram nione kama ameona. Pumzika kwa amani, kaka, wivu wangu sasa hauna pa kwenda.