Udongo wa Miti kwa Muzee Lwaboshi

Wasikilizaji wapendwa, musogee karibu na redio. Na wewe maman unayetwanga sombe, majani yetu ya muhogo, usiache kutwanga. Muzee wa leo alipenda sana mulio wa kinu.

Alikuwa mukaaji wa Kasha, huku Bagira. Miaka makumi tatu alitunza maua kwenye nyumba kubwa za Ibanda, kando ya ziwa. Alizaliwa kijiji cha Miti. Mushike hilo: alizaliwa Miti. Kadi yake ya utambulisho ilimuita Lwaboshi.

Alipoacha kazi alikaa mulangoni, akisema-sema. Alisikia kinu tu, akajua nani anatwanga. "Huyu ni muke ya mutoto wangu. Leo iko na kasirani, sombe italainika sana!" Akatazama ziwa: "Mvua ile haina haraka. Ni kama mugeni anayejua atabakishiwa chakula." Siku moja alisema: "Niliwamwagilia watu maua maisha yote. Hakuna hata mumoja aliniuliza kwangu kunaota nini." Akacheka. "Maharagi!"

Binti yake wa kwanza aliolewa Miti. Kila siku ya Mungu, misa ikiisha, alikuja kumuona. Muzee alimuomba kitu kimoja. "Siku nitakufa, uniletee udongo wa shamba la mama yangu. Wa kujaa mukono mumoja tu. Uutupe kaburini wewe mwenyewe, mbele ya wote." Binti aliitika.

Muzee alikufa siku ya tatu, katikati ya juma, asubuhi. Siku ya tatu. Mutoto wake mwanaume alileta tangazo hapa kwetu. Munajua sheria ya majina, sasa ni miaka miwili hapa Zaïre: jina la ubatizo halipiti kwenye kadi, halipiti kwenye redio. Muzee alijichagulia Lwaboshi, jina la babu yake, palepale kwenye biro ya serikali. Nyumbani hakuna mutu aliyemuita hivyo. Na dada yako wa Miti, niliuliza, anaitwa nani sasa? Kijana alikuna kichwa. Dada hakuwa bado amechagua. "Weka tu Nabintu," alisema kijana.

Niliandika: Nabintu wa Miti, baba yako Lwaboshi wa Bagira amekufa. Nilisoma mara tatu. Sauti ilikuwa yangu.

Binti alikuwa shambani, redio ya jirani inasema. Alisikia vizuri kabisa. "Maskini huyo Nabintu!" alisema. "Baba yake amekufa, na pengine hajui." Akainama, akaendelea kulima.

Wasikilizaji wapendwa, alijihurumia mwenyewe bila kujua.

Siku ya Mungu alifika Kasha na maharagi mapya ya baba yake. Alikuta viti nje, watu wa kilio wamekaa. Muke ya kaka yake alimurukia kwa maneno: "Ulikuwa wapi? Tulikungoja mpaka jua likashuka! Redio ilisema mara tatu!"

"Redio ilisema Lwaboshi," alijibu. "Lwaboshi ni nani?"

Muzee alizikwa kesho yake, siku ya ine, bila udongo wa Miti.

Jana huyo maman alikuja hapa kwa miguu, udongo umefungwa ndani ya kipande cha kitenge. Alijua sauti yangu mara moja. "Papa, ni wewe ulisoma," alisema. "Ulisema na Nabintu. Mimi hukuniambia kitu." Nilimuomba musamaha. Akasema: "Huu udongo sitaumwaga mpaka redio iseme baba yangu. Kwangu mimi bado hajakufa." Nilimuambia jina lake la ubatizo limekatazwa redioni. Alifunga kitenge chake, akarudi Miti. Sikulala, wapendwa. Niliona haya.

Kwa jamaa yote ya Kasha na ya Miti, poleni sana, poleni kweli. Na ninyi munaonisikiliza, leo mukikaa kwa chakula, mutoe kadi zenu. Muzee amusomee mutoto jina liko pale, mutoto naye asome la muzee. Ni kazi ya dakika moja. Muifanye mungali muko pamoja.

Mimi pengine kesho nitaitwa kwa mukubwa wa kazi. Nitaenda.

Maman Séraphine, huko Miti, weka jembe chini. Tangazo hili ni lako, si la Nabintu. Papa Philémon, baba yako, amekufa. Papa Philémon amekufa.

Kamwage udongo, maman.