Kocha Taratibu: Ulingo Wake na Kizimba Changu

Ndugu, jamaa, majirani na wanamichezo mliofika kumsindikiza, wasifu huu nausoma mimi mdogo wake marehemu, tuliyenyonya naye ziwa moja. Ni mimi pia niliyekuwa promota wa mapambano yake kwa miaka thelathini. Nimeuchapisha wote kwenye karatasi mlizoshika kwa sababu najijua: nikisimama mbele za watu huwa naruka mistari inayonichoma. Leo nikiruka mtaniona.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Kocha Taratibu, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1960, mtoto wa pili kati ya watano wa baba seremala na mama muuguzi wa zahanati. Mama alikuwa akisema kwamba alipozaliwa hakulia mara moja. Alikitazama chumba kwanza, akaridhika, ndipo akalia.

Alianza shule ya msingi mwaka 1967 na kuimaliza 1973, akaendelea na sekondari mpaka kidato cha pili. Mwaka 1975 baba aliumia mkono kwa msumeno, na nyumbani ada ikawa ya mtoto mmoja tu. Kaka akaacha shule ili mimi niendelee. Jambo hilo alilitaja mara moja maishani, tena kwa utani: "Nilikuachia dawati, bwana mdogo, wewe ukalilalia."

Mwaka 1976 aliajiriwa kupakia magunia ya unga kwenye kiwanda cha mikate, na jioni akajifunza ngumi. Alipigana mapambano 41, akashinda 29, akastaafu mwaka 1987 jicho la kushoto lilipoanza kumsumbua. Tarehe 2 Februari 1988 alifungua chumba cha mazoezi kwenye ghala la zamani la sabuni. Mvua ikinyesha, sakafu ilitoa povu, na mabondia wake waliruka kamba huku wakiteleza. Yeye alikuwa akisimama pembeni na kengele mkononi: "Taratibu, mwanangu, taratibu. Ukikimbilia ngumi unamwambia mwenzako inakotoka." Kila bondia alimfunga bandeji za mikono mwenyewe, hata wa mara ya kwanza, na hakuna aliyepanda ulingoni kabla hajaulizwa kama amekula.

Tarehe 14 Desemba 1991 alifunga ndoa na shemeji yangu, fundi cherehani, na wakajaliwa watoto watatu. Alimpata kwa kupeleka kaptula moja ya ulingoni kushonwa mshono uleule mara nane. Mara ya nane shemeji alimrudishia na kumwambia, "Baba, kaptula hii haipasuki, inapasuliwa. Kama una neno, sema." Akasema.

Sasa nifike kwenye sehemu yangu.

Miaka ile ya tisini tulikuwa tunajaza ukumbi mpaka watu wanakaa madirishani. Kaka alifundisha, mimi nilitafuta wapinzani na kuuza tiketi. Kufikia mwaka 2015 viti vilikuwa vinatazamana. Vijana walikuwa wamehamia kwenye mapigano mchanganyiko, yale ya ndani ya kizimba cha nyavu, ya ngumi, mateke, mieleka na kukabana. Niliwauliza wana nini na ngumi, mmoja akanijibu, "Mzee, ngumi zenu tunajua atakayeshinda tangu kwenye bango. Kule lolote linatokea."

Nilimpelekea kaka jibu hilo nikidhani atalikasirikia. Alicheka. "Kijana ana haki. Watu hawajazichoka ngumi. Wamekuchoka wewe, unayemletea bingwa wangu walevi wa kuokoteza ili asipoteze rekodi. Wale wa kizimbani wanakutanisha mkali na mkali, na anayeshindwa leo kesho anarudi. Nipe mapambano ya kweli uone." Niliona anaota. Ukweli mchungu ni kwamba ngumi mjini hapa niliziua mimi kwa woga wangu, halafu nikaisingizia biashara.

Nikajenga kizimba. Ndipo nikapata wazo la kumuingiza humo yeye mwenyewe, kocha mkongwe wa ngumi dhidi ya kijana wa kizimbani. Alikuwa na miaka 58. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu nikamwahidi kwamba ukumbi ukijaa, ulingo wake hautang'olewa. Akakubali kwa sharti moja: raundi mbili za mwanzo ni ngumi tupu, ya tatu ni maonyesho tu, bila kuumizana. Tulipeana mikono.

Yule kijana sikumwambia sharti hilo, wala refa. Niliogopa watu wangezomea ngumi tupu. Niliwaambia kijana na refa kwamba lolote ruksa tangu kengele ya kwanza.

Hiyo ilikuwa Jumamosi, tarehe 21 Julai 2018, saa kumi jioni. Ukumbi ulijaa, wengine walisimama ngazini. Kaka aliinua mikono, akaanza kuzunguka taratibu kama kawaida yake. Kijana akamvamia miguuni, akambwaga, akaukunja mkono wake wa kushoto. Kizimbani mtu akishindwa humgonga mwenzake kwa kiganja, naye humwachia. Kaka hakulijua hilo. Bondia akianguka huhesabiwa mpaka kumi, basi yeye alilala pale bega linalia, akingoja kuhesabiwa. Alimwita refa, "Hesabu! Hesabu basi!" Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Na mimi nilicheka, kwa sababu walinitazama kama nitacheka.

Video ilisambaa kwenye simu. Barabarani watoto wa shule walimpigia kelele, "Hesabu!" Mkono ule haukupanda tena juu ya bega. Watu wakasema ni kiburi cha uzee, amejitakia mwenyewe. Wiki ile shemeji aliniuliza sebuleni kwao, mume wake akiwa amekaa pale pale, "Shemeji, hivi ndivyo mlivyokubaliana?"

Nikasema, "Yote aliyakubali mwenyewe."

Kaka alinitazama. Kisha akamwambia mkewe, "Ndiyo, nilikubali." Tangu siku ile hakusema tofauti kwa mtu yeyote, hata kwa yule kijana, ambaye alikuja kumwomba radhi akaishia kuwa mwanafunzi wake wa kutumia mikono. Kijana yupo hapa leo, kwenye safu ya mbele. Mwanangu, hukuwa na kosa. Ulidanganywa na mimi.

Mwezi mmoja baadaye niling'oa ulingo.

Mnamo Machi 2024 marehemu alianza kuumwa tumbo, na mwezi Juni akagundulika kuwa na saratani ya ini. Daktari ametuambia haikuhusiana na kizimba. Namshukuru, ila usingizi haujarudi. Alilazwa mara tatu. Mwezi Januari, mchana mmoja, tulibaki wawili wodini na nikataka kusema. Akaniwahi.

"Siku ile ukumbi ulijaa?"

"Ulijaa, kaka."

"Sasa ulingo mbona uliutoa?"

Nilisema nitaleta maji, nikatoka, na nilipokuja tena alikuwa amelala. Alifariki tarehe 3 Februari 2025, saa nne asubuhi, shemeji akiwa amemshika mkono, mimi nikiwa kwenye korido najipanga kuingia.

Shemeji, hivyo sivyo tulivyokubaliana. Kaka hakuwa mjinga wala mwenye kiburi. Alimwamini mdogo wake. Wanangu, mkisikia mtu anamcheka baba yenu kwa video ile, mwambieni habari hii, na mnitaje mimi.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, dada zetu wawili, kaka yetu mkubwa, mabondia wengi ambao hakuwahi kuacha kuwauliza kama wamekula, na mimi.

Nikimaliza kusoma nitasimama kule pembeni. Shemeji, ukitaka niingie kwenye kubeba jeneza, niite. Usiponiita, sitauliza kwa nini. Apumzike kwa amani kaka yangu. Uongo wangu aliubeba miaka sita na nusu bila kulalamika, na mimi hata jeneza lake nalibeba kwa ruhusa.