Mama Jalada na Wanafunzi Tisa wa Ghalani

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki mliofika kumsindikiza mama yetu, asanteni kwa kuja. Wasifu huu umeandikwa na kusomwa na mtoto wa mdogo wake, kwa msaada wa familia nzima. Tarehe zote zilizomo zimehakikiwa. Mwenyewe aliagiza hivyo siku kumi na mbili kabla ya kufariki, akiwa amekaa kitandani, mto mgongoni: "Mkishaanza kuniita malaika, watu watasinzia. Andikeni tarehe, na ziwe za kweli."

Marehemu alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 9 Machi 1954, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa fundi saa na mkewe, mkunga. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba vitatu nyuma ya stesheni ya reli. Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa karakana ya baba, na watoto wote walijifunza kutembea humo kwa kunyata, wasije wakatikisa meza.

Alipokuwa na umri wa miaka tisa lilitokea jambo ambalo familia haijalisahau. Baba yake alikuwa na ndugu wa mama mwingine, waliozaliwa mwaka mmoja, na siku zote ilijulikana kuwa fundi saa ndiye mkubwa. Basi watoto walimwita yule ndugu Baba Mdogo. Siku moja, akipanga sanduku la bati la bibi yake, marehemu aliona vikaratasi viwili vya zahanati vya watoto hao wawili. Akavisoma, akahesabu kwa vidole, akavileta mezani wakati wa chakula cha mchana. Baba Mdogo alikuwa amemtangulia fundi saa kwa siku tisa. Mkunga alimkonyeza mwanawe anyamaze, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Baba Mdogo alisoma karatasi yake mara mbili, akajiweka sawa kitini, kisha akamwambia fundi saa, "Mdogo wangu, hebu nisogezee chumvi." Tangu siku hiyo alikuwa Baba Mkubwa. Fundi saa alikaa wiki nzima akinung'unika kwamba amerekebisha saa za mji mzima, na yeye ndiye amerudishwa nyuma siku tisa ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1961 hadi 1967, na sekondari kuanzia 1968 hadi 1971. Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa historia, na nia yake ilikuwa kuifundisha. Aliomba nafasi katika chuo cha ualimu, akachaguliwa, lakini barua ya kuitwa ilimfikia wiki tatu baada ya masomo kuanza. Ilikuwa imezunguka ofisi tatu, na kila ofisi imegonga muhuri wake. Alilia siku mbili. Siku ya tatu aliosha uso akaenda kujiandikisha kozi ya utunzaji wa kumbukumbu, ambayo bado ilikuwa inapokea watu. Alihitimu Desemba 1973. Hakuwahi kumlaumu mtu, ila aliwaambia watoto wake, "Barua ikikaa kwenye trei isiyo yake, kuna mtu mahali fulani maisha yake yanageuzwa."

Jumatatu ya tarehe 4 Februari 1974 aliajiriwa kuwa karani wa masjala katika chuo kikuu, na huko ndiko alikofanya kazi mpaka alipostaafu. Masjala ilikuwa chini ya ngazi za jengo la utawala: dirisha moja, kaunta ya mbao, na toroli lililolia kila lilipokata kona. Jalada lililotoka bila sahihi kwenye daftari lake lilirudishwa kabla halijafika ghorofa ya kwanza. Mkuu wa kitivo kimoja alipomwambia kwamba ana haraka, alimjibu, "Na kalamu hii hapa, mkuu, nayo ina haraka." Wanafunzi wakambandika jina la Mama Jalada. Mwanzoni lilikuwa la utani. Baadaye hata barua za ofisi zilimfikia kwa jina hilo.

Ni kazini hapo alipokutana na mumewe, fundi wa kujalidi vitabu katika kiwanda cha uchapaji cha chuo. Mwaka 1977 alimpelekea kumbukumbu za vikao azishone ziwe kitabu. Kitabu kikarudi kizuri mno, kingo zimekatwa zikanyooka kama rula. Marehemu alikifungua, akakifunga, akakirudisha mwenyewe kiwandani.

"Umekata maneno ya watu," alimwambia. "Waliandika pembeni kwa penseli. Yako wapi?"

Fundi hakubisha. Alitumia siku nne kuchambua gunia la vipande vya karatasi, akabandika kila kipande mahali pake, kisha akapanda na kitabu masjala. Marehemu aliwaambia dada zake, "Mwanamume anayerudi kwenye takataka kutafuta alichokikosea, huyo naolewa naye." Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 12 Agosti 1978, wakaishi pamoja miaka arobaini na sita. Walijaliwa watoto wanne. Wa pili, wa kiume, walimpoteza mwaka 1982 akiwa na miezi mitano. Marehemu hakulizungumzia sana jambo hilo. Nyumbani kwake kila karatasi ilikuwa na jalada lake, ila kadi ya kliniki ya mtoto huyo ilikaa peke yake katika droo ya kitanda, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Tarehe 22 Aprili 1986 bomba lilipasuka katika chumba cha chini cha maktaba, walimohifadhi majalada ya zamani. Wapo waliosema yatupwe. Marehemu alikuja na vibanio vya nguo kutoka nyumbani, akaazima vingine kwa majirani, akafunga kamba katika ukumbi wa michezo kutoka goli hadi goli. Kwa siku kumi na moja karatasi zilianikwa humo kama nguo za familia kubwa. Wachezaji walilalamika. Aliwapa vibanio, nao wakasaidia. Baada ya kazi hiyo chuo kilimpeleka kusoma stashahada, na mwaka 1988 akawa mtunza nyaraka wa kwanza wa chuo.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wengi wenu mlilisikia redioni, na ambalo yeye mwenyewe alilieleza kwa sentensi mbili tu.

Chuo kilijulikana kuanza Oktoba 1963, kikiwa na wanafunzi ishirini na wawili. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa getini. Mwishoni mwa 2012 iliundwa kamati ya maadhimisho ya miaka hamsini, na mwenyekiti wake, profesa wa historia, alimwomba marehemu atafute picha za zamani za kitabu cha kumbukumbu. Akitafuta picha, alikuta daftari la jikoni. Kuanzia Jumatatu ya tarehe 8 Januari 1962, mwaka mzima na zaidi kabla ya chuo kuzaliwa, mpishi alikuwa ameandika kila siku: chakula cha mchana, sahani tisa.

Alilipeleka kwa profesa. Profesa alicheka kwa upole.

"Mama, sahani tisa zinathibitisha kwamba watu tisa walikula. Mafundi rangi nao hula."

"Kweli, profesa. Lakini mafundi rangi hawaazimi kamusi." Akamwekea mezani daftari la pili, la maktaba, la mwaka huohuo.

Profesa aliacha kucheka. "Niletee majina," alisema.

Hapo kazi ikawa ngumu, kwa sababu daftari la maktaba liliandika namba tu. Kwa miezi miwili marehemu alipekua kila jalada la masomo, udahili na mitihani, asipate kitu. Mumewe anasema alikuwa akikoroga chai huku sukari hajaweka. Ndipo Februari 2013 akaamua kupekua hata yale yasiyohusika, na katika jalada la "Matengenezo ya Paa", mojawapo ya yale aliyoyaanika kwa mikono yake mwaka 1986 bila kuyasoma, akawakuta. Darasa la kwanza lilifundishwa katika ghala la zamani la magunia. Ijumaa ya tarehe 14 Septemba 1962 upepo uling'oa paa, mvua ikaingia, masomo yakasimama. Mhandisi aliyetumwa kukagua hasara aliandika majina na namba za wanafunzi wote tisa na mali iliyoharibika ya kila mmoja, kisha akaifungia orodha kwenye jalada lake la mabati na misumari. Chuo kilipofunguliwa upya mwaka uliofuata, mkuu mpya hakuwa na orodha ya kuwaita. Akatangaza nafasi upya. Wale tisa wakabaki makwao wakisubiri barua.

Profesa alisoma, akavua miwani. "Tumekwisha," alisema. "Hamsini yenyewe ilishapita mwaka jana bila hata soda. Na fulana mia nane zimeshachapishwa."

Katika kikao cha kamati, mbele ya makamu mkuu wa chuo, baadhi ya wajumbe walishauri suala hilo lingoje kitabu kingine. Marehemu hakuwa mjumbe. Alikuwa ameitwa kubeba jalada tu. Aliomba ruhusa ya kusema, na profesa, ambaye yupo nasi hapa leo, anakumbuka alichosema neno kwa neno.

"Mimi niliukosa ualimu kwa barua iliyokaa kwenye trei isiyo yake," alisema. "Hawa wamekaa kwenye trei ya paa miaka hamsini na zaidi. Jana nilikuwa sijui. Leo najua, na nikiwaacha humo nitakuwa nimewaacha mimi."

Makamu mkuu akasema, "Watafute, mama."

Aliwatafuta miezi sita, kila Jumamosi, akiwa na mumewe. Si kila mlango waliobisha hodi ulikuwa ndio wenyewe. Mzee mmoja muuza nyama, aliyefanana jina na mmoja wa tisa, aliwasikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote, kisha akasema, "Mimi shule niliiacha darasa la nne. Lakini kama kuna nafasi imebaki wazi, niandikeni." Watano walikuwa wameshafariki. Wanne walikuwa hai, na mmoja wao ndiye aliyekuwa msichana pekee wa darasa lile. Sasa alikuwa bibi wa miaka sabini, mshonaji, cherehani yake dirishani na futi ya kupimia shingoni.

Marehemu alipomweleza kilichomleta, yule bibi aliinua mguu kutoka kwenye kanyagio.

"Mdogo wangu, sema tena, kwa sauti. Mwanangu mkubwa yuko chumba cha pili. Nilipomwambia nimewahi kusoma chuo kikuu alinipeleka hospitali nikapimwe kichwa."

Marehemu akasoma kwa sauti: jina lake kamili, namba yake, na hasara yake. Kamusi moja, shuka mbili, jozi moja ya viatu vya kahawia.

"Vilikuwa vyekundu," alisema mshonaji, machozi yakimtoka. "Huyo mhandisi rangi alikuwa hazijui."

Mtoto wake alikuwa amesimama mlangoni. Alikaa chini juu ya robota la vitambaa, akasema, "Mama, nisamehe." Mama akajibu, "Nimeshasamehe, baba. Ila hiyo karatasi umsomee na mkeo." Jumatatu kazini, marehemu aliongeza mstari kwa penseli kwenye orodha ya nyaraka: viatu, vyekundu, kwa kauli ya mwenyewe.

Jumamosi, tarehe 19 Oktoba 2013, majina tisa yalisomwa mbele ya chuo kizima. Wanne walipanda jukwaani wenyewe, na familia tano zikapokea vyeti vya wazee wao. Sura ya kwanza ya kitabu iliandikwa upya, na maandishi ya getini yakabadilishwa. Marehemu alitazama kutoka mlango wa pembeni, jalada la paa likiwa kwapani. Alipoitwa jukwaani alikataa, akasema amelitolea sahihi na hawezi kuliacha kitini. Fulana zilivaliwa hivyohivyo. Ya kwake aliirekebisha kwa wino, hamsini ikasomeka hamsini na moja, akawa anafanyia usafi. Alistaafu tarehe 30 Juni 2014, na wanafunzi wa historia waliendelea kumfuata nyumbani. Aliwaambia wote yaleyale: karatasi moja ni fununu, mbili ni maneno, ya tatu ndiyo habari.

Mwezi Mei 2022 madaktari waligundua kwamba moyo wake umepanuka. Alilazwa mara tatu. Mara ya pili alimwita muuguzi na kumwonyesha kwamba chati yake ina tarehe ya jana. Muuguzi akacheka, akairekebisha, na kuanzia hapo alimletea chati kila asubuhi aikague. Aliomba arudi nyumbani Desemba 2024. Hakuwa na maumivu makali, na alikuwa mchangamfu. Alifariki Alhamisi, tarehe 6 Februari 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa kitandani kwake. Mumewe alikuwa akimsomea gazeti. Alidhani amesinzia, akaimalizia habari ile mpaka mwisho kabla ya kumwita binti yao.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, ambao ni muuguzi, fundi umeme na mwalimu wa historia, wakwe watatu, dada wawili, kaka mmoja na wajukuu sita. Wa saba anatarajiwa mwezi Aprili. Bibi yake alishamwandalia jalada, limeandikwa mwaka tu, nafasi ya jina ameiacha wazi.

Mama yetu, umefanya kazi yako ukaimaliza. Lala sasa, na amani ikufunike.