Uzi wa Machi na Mikono ya Bwana Nico

Tarehe 31 Julai, Bwana Nico Thillmany anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika maabara yetu ya hapa mjini Esch. Nimeombwa niandike wasifu wake katika kijarida chetu kwa sababu mimi ndiye mwanagenzi wake wa mwisho. Ila kabla ya sifa kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama: ule uzi wa mwezi Machi uliotuaibisha mbele ya wageni niliuharibu mimi, Telma Quaresma. Bwana Nico hana kosa.

Alifika hapa mwaka 1992 akitokea kiwanda cha chuma, alikokuwa akivuta nyaya tangu ana miaka kumi na sita. Aliajiriwa kutengeneza pampu. Siku moja akawakuta wataalamu wanahangaika na raba yao mpya, ile yenye fuwele kioevu ndani yake, yaani molekuli ndefu zinazoweza kujipanga. Kila wakiivuta iwe uzi, inakatika. Akaweka spana chini. "Mnaivuta kama mnakokota ng'ombe," akawaambia. "Isubirini kwanza iwe nzito kama asali ya baridi." Tangu hapo mashine ya kuvutia nyuzi ikawa yake.

Nyuzi zake hufupika zikipata joto na hurefuka zikipoa, kama msuli. Alitengeneza pia chembe ndogo kama mbegu za haradali, za duara, ambazo zikipashwa moto hugeuka ndefu kama punje za mchele. Wanafunzi walipotutembelea, alitundika funguo za gari la mkuu wetu, Daktari Mireille Schaack, kwenye uzi mwembamba kuliko kamba ya kiatu, akaupuliza kwa mashine ya kukaushia nywele. Funguo zikapanda. "Daktari, leo unarudi kwa miguu," alimtania.

Siri yote iko kwenye kuvuta. Uzi ukivutwa, molekuli zake hujipanga upande mmoja, na papo hapo lazima umulikwe kwa taa ya urujuanimno ili mpangilio ule ugande. Ukiulegeza kabla ya taa, molekuli zinatawanyika, nawe unabaki na raba ya kawaida. Kwa macho huoni tofauti. Bwana Nico alisema uzi wa namna hiyo umelala. "Usiuache ulale, binti," aliniambia kila asubuhi. Nimesomeshwa kwa Kijerumani na Kifaransa, na katika lugha zote mbili mimi ni mzito wa kusema. Yeye hakunilazimisha kuongea.

Jumanne ile ya Machi tulikuwa tunatengeneza uzi wa glavu ya watu waliopooza vidole. Aliuvuta vizuri, akaniachia kazi ya taa, akaitwa mkutanoni. Nikauona umekaza mno, nikaogopa utakatika, nikaulegeza kwenye kigurudumu. Dakika kumi tu, kisha nikawasha taa. Nikaona aibu kusema. Muda wa kuupima haukuwepo.

Alhamisi wageni wa kampuni ya glavu waliketi, uzi ukapashwa moto, kidole cha glavu hakikunyanyuka. Mgeni mmoja akatazama saa. Daktari Schaack akauliza nani alishika taa.

Nilikuwa nimebakiza siku nne kumaliza kipindi cha majaribio.

"Mimi," akasema Bwana Nico. "Macho yameniponza."

Tulipobaki wawili, aliweka kipande cha uzi ule kati ya vioo viwili vya kuchuja mwanga. Uzi mzuri hapo hung'aa. Ule ulibaki giza, kila alivyougeuza. Akanitazama.

"Umelala," akasema. "Haya, njoo tule."

Tukala vitumbua vya viazi alivyonunua stesheni.

Baada ya siku ile aliondolewa kwenye mashine. Miezi yake minne ya mwisho ameosha vyombo vya kioo na kubandika lebo. Jana Daktari Schaack alinielekeza nitaje kwamba macho yake yamechoka. "Andika kiungwana tu, Telma. Watu wataelewa." Nimeiandika sentensi hiyo mara tatu na mara tatu nimeikata. Macho yake ni mazima. Anasoma lebo zangu akiwa mlangoni na kunisahihisha. Kijarida kinachapishwa leo saa kumi jioni, na najua ukurasa huu unaweza kuninyang'anya nafasi yangu hapa.

Bwana Nico, asante kwa kila mita ya uzi, na kwa wanagenzi kumi na mmoja waliopita mikononi mwako. Wenzako wote tunakuombea afya, miguu yenye nguvu na bustani isiyo na konokono. Unaondoka ukiwa mvuta nyuzi hodari kuliko wote tuliowahi kuwa nao, na atakayesoma hapa ajue hivyo.

Daktari Schaack anakuja kuchukua ukurasa. Nasikia visigino vyake kwenye korido. Tangu asubuhi, kila mtu anapopita, nimekuwa nikiufunika kwa kiwiko. Sasa nimeondoa mkono, nikaugeuza ukurasa juu ya meza ili maandishi yamwelekee yeye.