Wathome wa Okestra ya Mto Kitengela: Rekodi Tatu na Vita Viwili

Marehemu Josiah Wathome Makau alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 huko Illasit, kifungua mimba wa marehemu mzee Makau. Mimi Munyiva ndiye nilimfuata, kwa hivyo ngumi zake za kwanza zote nilizila mimi. Familia imeniomba niandike maisha yake, na nitaandika ukweli, kwa sababu nimesikia vijana wa okestra mkinong'onezana kwamba mzee Simel, yule mfugaji, ndiye alimuua, na kwamba tukishamzika mnaenda kuchoma boma lake. Kaeni chini kwanza.

Marehemu alisoma shule ya msingi huko huko Illasit, akamaliza mwaka wa 1985, kisha akaenda sekondari Loitokitok hadi 1989. Akiwa darasa la sita alipasua ngoma ya shule kwa kuipiga kama anapigana nayo. Mwalimu akamchapa na kijiti cha hiyo ngoma. Alirudi nyumbani akilia na kusema kijiti kiko na sauti nzuri.

Mwaka wa 1991 aliajiriwa kwa bendi ya serikali, akapiga tarumbeta miaka kumi na tisa. Tarehe 5 Desemba 1998 alimuoa Margaret kanisani Ngong, na Mungu akawapa Linda na Dennis. Alistaafu 2010, akaanzisha Okestra ya Mto Kitengela na watu kumi na mmoja. Leo mko arobaini na watatu. Aliyekosea noti alirushiwa kiatu. Mnaojua mnajua.

Rekodi ya kwanza ilikuwa 2013, kwa kanisa la mabati. Mvua iliiharibu mara saba. Mara ya saba marehemu alivunja kiti kwa ukuta, na hicho kiti, mkiisikiliza rekodi kwa makini, kimo humo.

Rekodi ya pili, 2017, ndiyo ilileta vita. Marehemu alitaka kengele ya ng'ombe, na Leshan, mpiga ngoma wetu, akaenda akaivua shingoni mwa ng'ombe anayeongoza wengine kwa boma la mzee Simel, bila kuuliza. Leshan, mtoto wa Mmaasai, alijua vizuri kwamba kundi hufuata hiyo kengele. Siku hiyo ng'ombe hawakusikia kitu. Wakatawanyika hadi upande wa mbuga, na simba wakala mitamba wawili. Simel akaingia ukumbini na wanawe na rungu katikati ya sehemu ya tatu ya wimbo. Violini tatu zilivunjika, pua ya Leshan ikavunjika, Simel akapoteza meno mawili kwa trombone, na marehemu akavunjwa mkono wa kulia.

"Msisimame!" akapiga kelele. "Pigeni!" Akaongoza kwa mkono wa kushoto.

Mashine ilikuwa inarekodi. Mwaka uliofuata hiyo rekodi ikashinda kikombe Nairobi, waamuzi wakisifu sana ngoma za sehemu ya tatu. Simel akasikia sauti yake kwa redio, akaja kwa marehemu na salamu ya Kimaasai.

"Sopa, mwalimu. Hicho kikombe ni chetu wawili."

"Ipa, mzee. Na meno yako je?"

"Meno ni yangu. Wewe nilipe mitamba."

Alilipwa, wakanywa chai. Tangu siku hiyo Simel alileta kengele mwenyewe, na hakuna mazoezi alikosa. Vijana, hapo mlikuwa.

Rekodi ya tatu ilianza Februari mwaka wa 2025. Tarehe 11, saa saba mchana, nyinyi wote mlienda kula. Walibaki wawili, marehemu na Simel. Watu wanne wakaingia na panga wakitaka mashine na vyombo. Mliporudi mlipata Simel amesimama juu ya mwalimu wenu, rungu imejaa damu, mkaamua yeye ndiye. Hakuna aliyeangalia mkono wake. Vidole viwili havikuwepo. Damu ya rungu ilikuwa ya kichwa cha mwizi.

Siku ya tatu hospitalini Kajiado marehemu alizungumza. Mimi na Mama Linda tulikuwa hapo.

"Mzee aliniambia nilale chini nyuma yake," akasema. "Nikakataa kuachilia mashine."

"Hata kwa panga unabishana?" nikamuuliza.

"Munyiva, hiyo rekodi ilikuwa imetoka vizuri."

Panga ilikuwa imefika ubongo. Aliaga tarehe 20 Februari, saa kumi na moja asubuhi. Wezi watatu wameshikwa Kiserian na tarumbeta zetu, na kesi iko. Anayetaka kupigana, mahakama iko wazi, aende akatoe ushahidi.

Marehemu ameacha mjane Margaret, watoto Linda na Dennis, mimi dada yake, wanamuziki arobaini na watatu, na mzee Simel, ambaye amekaa mstari wa familia kwa sababu mimi ndiye nimemkalisha hapo. Atatupa udongo kaburini baada yangu. Mwenye neno, aje aniambie mimi usoni.

Wathome alipigana maisha yake yote. Leo mwacheni apumzike kwa amani, na mumwachie Simel boma lake.