Marehemu Kurwa Yohana na Mashine ya Kukausha Mikono

Marehemu Kurwa Yohana alizaliwa Kizimbani tarehe 14 Juni 1969, baba yake akiwa kibarua wa shamba la karafuu, akamtangulia kwa robo saa pacha wake Doto, ambaye ndiye anayewasomea historia hii, kwa hiyo msishtuke na sura.

Alisoma hukohuko Kizimbani mwaka 1977 hadi 1984, akajifunza ufundi umeme mjini, na mwaka 1998 akaajiriwa katika hoteli moja ya Kiwengwa, ambako alizijua mashine za kukausha mikono, akazipenda kupita kiasi, hata alipofungua karakana nyumbani Mkunazini mwaka 2009 alitundika moja ukutani ukumbini, na mgeni hakupewa chai kabla ya kuelezwa inavyofanya kazi.

Alifunga ndoa na Bi Rahila tarehe 4 Januari 1997, wakajaliwa mabinti wawili. Bi Rahila alielezwa mara elfu, asielewe hata mara moja, akashikilia kwamba mashine ile inahisi uhai wa mtu.

Marehemu alianza kuugua moyo Novemba 2024, akafariki Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi. Jana saa tisa alasiri jeneza liliingizwa nyumbani likiwa wazi, na kwa kuwa ukumbi ni mwembamba likapitishwa chini ya ile mashine, mashine ikanguruma, shuka likapanda na kushuka kifuani, Bi Rahila akapiga kelele kwamba mumewe anapumua, watu wakakimbia, wengine wakarudi, daktari akaitwa mara mbili, na Bi Rahila akaapa kwamba Kurwa hazikwi. Nani amlaumu, maana hata huyu anayewasomea aliliona shuka lile, akachanganyikiwa, na mpaka sasa hajatulia vizuri.

Marehemu alikuwa akisema kwamba chini ya mashine mna jicho linalotupa mwanga usioonekana, kitu chochote kikikaribia huurudisha, jicho likiupokea huwasha feni, feni husukuma hewa kupitia waya wa moto, wala haijui mtu ni nani.

Leo asubuhi Bi Rahila alikwenda ukumbini peke yake, akaweka mwiko chini ya mashine, ukapulizwa, akaweka kandambili, ikapulizwa, akaweka mto wa marehemu, foronya ikapanda na kushuka vilevile, akasimama nao mpaka mashine ilipozima, kisha akatoka akawaambia wanaume wafunge jeneza.

Familia inamshukuru daktari aliyekuja mara ya pili bila kununa, majirani waliokimbia na kurudi, na mafundi wenzake waliotaka kuing'oa mashine, ingawa Bi Rahila hataki iguswe.

Basi pumzika, Kurwa, mkeo amekuruhusu.