Nyumba ya Muigai Isiyo na Mlango

Aliyetaka kujua mambo ya Majengo ya Thika mwaka ule wa hamsini na moja hakwenda kwa chifu. Alikwenda kwenye benchi lililoegemea ukuta wa Muigai: ubao mmoja juu ya madebe mawili, na ubao huo ulikuwa umebeba hukumu nyingi kuliko korti ya wilaya. Ali Idarous alikaa upande wa birika lake la kahawa, sinia la kashata magotini. Kando yake alikaa Omondi, hamali wa stesheni, aliyeitwa Saa Mbovu kwa vile alijua saa za treni zote na hakuna treni iliyowahi kukubaliana naye. Kisha Zacharia, aliyeitwa Daktari kwa sababu alikuwa amefagia zahanati miaka kumi na moja, na hakuna ugonjwa uliopita pale asiufagie. Na mwishoni alikaa mwenye ukuta, Muigai, mpakiaji wa mkonge, udongo mpaka kwenye viwiko, macho barabarani.

Aliitazama barabara kwa sababu mkewe, Waceke, alikuwa anarudi siku hiyo. Majuma mawili nyuma alifunga mzigo wake akaenda kwa mama yake Gatundu, na kabla ya kuondoka alimwambia Muigai maneno machache: yeye aliolewa na mtu, hakuolewa na fundi. Akirudi akute nyumba bado inabomolewa, atageuka na basi lile lile, na safari hiyo hatarudi.

Walikuwa na miaka saba ya ndoa bila mtoto. Kanisani waliombewa mpaka mchungaji akakauka koo. Hospitali kubwa ya Nairobi iliwapima wote wawili, ikawaambia haioni kitu, wasubiri. Majengo nzima wanawake waliitwa kwa majina ya watoto wao, mama fulani na mama fulani, ila Waceke aliitwa Waceke. Muigai hakujua la kumwambia jioni wakiwa wawili, sufuria ikichemka na hakuna mtoto anayelia. Kukanda udongo ilikuwa rahisi zaidi. Basi benchi likasema makosa yako kwenye nyumba, na Muigai akaliamini benchi kwa moyo wa shukrani.

Omondi ndiye aliyeanza. Mlango wa kwanza ulitazama reli. Mtoto, alieleza Omondi, huja alfajiri, na alfajiri ndipo treni ya kwenda Nyeri hupiga honi. Mtoto akifika mlangoni anashtuka, anadandia behewa, anashukia Maragua. Alisema kule Maragua watu wana watoto mpaka wa ziada, na wa ziada wote ni wa Muigai. Mlango ukazibwa, ukatobolewa mwingine upande wa magharibi.

Miezi minne baadaye Ali Idarous aliutazama huo wa magharibi akasikitika. Mlango wa magharibi, alisema, mtoto anaufikia wakati wa magharibi, jua likizama, nyumba imeshafungwa, hana pa kulala, anaingia kwa jirani. Na jirani alikuwa nani? Khamisa, mwenye watoto tisa. Ukazibwa huo nao, ukatobolewa wa tatu mbele, hatua mbili kutoka kwenye benchi.

Halafu, siku chache kabla Waceke hajaondoka, Daktari akashika zamu. Huo wa mbele ulitazamana na dirisha la nyuma, upande wa reli, na upepo ukapita katikati kama barabara ya Nairobi. Joto la nyumba likatoka lote. Kuku hawezi kuatamia mayai kwenye upepo, alisema, na jambo hilo alikuwa amelisikia kwa masikio yake akifagia chini ya meza ya mganga. Muigai akauziba siku moja tu kabla ya Waceke kurudi, akaupiga lipu vizuri kabisa, akarudi nyuma kuitazama kazi yake. Ndipo akagundua kwamba nyumba ina pande nne, tatu zimeshakataliwa, na wa nne ni ukuta wa pamoja na Khamisa.

Tangu hapo alikuwa akiingia kwa dirisha, kichwa kwanza, kama mwizi asiye na mafunzo.

— Sasa nitoboe wapi? Basi la Gatundu linafika saa kumi.

— Linafika saa kumi na moja, alisema Omondi.

Muigai akajua basi liko karibu.

Omondi alishauri mlango wa juu, kwenye mabati, na ngazi. Watoto si wanatoka mbinguni? Basi wapunguziwe mzunguko. Daktari alipinga kwamba mtoto akianguka kutoka kwenye mabati atahitaji bendeji, na zahanati imeishiwa. Yeye alitaka handaki, liingilie chini ya kitanda, upepo usiguse kitu. Ali Idarous alimimina kahawa polepole kama mtu mwenye neno kubwa.

— Bwana Muigai, toboa kwa Khamisa. Mke wako apite kwa mlango wa mwenye watoto tisa, asubuhi na jioni. Njia ile imeshazoea.

Benchi likaitikia kwa vichwa. Muigai aliona aibu kwamba wazo lile lilimpendeza. Alikuwa anapiga hesabu ya jinsi ya kumwomba Khamisa asogeze kabati lake la vyombo, alipoona vumbi barabarani na Waceke katikati ya vumbi, mzigo kichwani, anatembea bila haraka.

— Karibu shemeji, walisema watatu kwa pamoja.

Aliwaitikia. Aliikagua nyumba: akapita upande wa magharibi, akapotea nyuma kwenye reli, akarudi mbele kwa njia ile ile. Aliweka kiganja kwenye udongo mbichi, akakitazama.

— Mimi nitaingilia wapi?

Omondi alitazama stesheni. Daktari alichunguza kikombe chake mpaka chini. Ali Idarous akatikisa birika, likalia tupu. Muigai alikuwa na majibu matatu, yote ya watu wengine. Mkewe alikuwa hajashusha mzigo.

— Waceke, alisema, wewe unataka wapi?

Kwa muda wote wa kubomoa hakuna aliyekuwa amemuuliza Waceke.

— Mtoto tukimpata, sawa. Tukimkosa, bado nataka kuingia ndani niweke chai. Akashusha mzigo, akanyoosha kidole kwenye benchi. — Hapo mnapokaa. Huo upepo anaousema Daktari, mimi naona unatokea hapo.

Wakasimama mmoja mmoja, kila mtu akibeba kikombe chake. Daktari alijaribu kueleza jambo la hewa, Omondi akamshika mkono. Muigai alilivuta benchi pembeni, akachukua jembe, akaupiga ukuta pale penye alama za migongo ya miaka mingi. Udongo uliporomoka, fito zikavunjika, na mwanga ukaingia kwenye meza yao. Waceke hakungoja. Shimo lilikuwa halijamfika kifuani alipoinama, akapita na mzigo wake.

Muigai alifuta jasho, akainama naye amfuate, akagonga paji la uso.

— Ongeza juu kidogo, sauti ya Waceke ilitoka ndani. Wewe ni mrefu.